Kunja Ngumi, Shangazi

Katumba,
19 Machi 2023

Mwanangu Jeannine,

Amahoro. Amani iwe nawe. Natumai umeamka salama huko Dar es Salaam, na hao panya wako wameamka salama. Sisi huku mvua bado ipo, mahindi yamebeba vizuri. Jirani yetu Hana anakusalimu. Juzi ameniuliza tena kama ni kweli mtoto niliyemlea na kumsomesha kwa tumbaku anashinda akipasua panya aangalie uti wa mgongo. Nimemwambia ndiyo, tena awe na adabu, kwa maana Katumba nzima hakuna mwingine anayejua yaliyomo humo.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ungeanza kulia kabla sijafika katikati. Karatasi haikatizwi.

Nimeanguka. Usishtuke, sijavunjika. Tulikuwa tunapandisha tumbaku kwenye bani la kukaushia, na unajua mimi zile fito za juu kabisa huwa simwachii mtu, kwa sababu jani likipangwa vibaya halikauki, linaungua. Ufito mmoja niliokanyaga ulikuwa umeliwa na mchwa. Bega la kulia ndilo lililotangulia chini, kichwa kikaenda upande wake. Nilisikia kama umeme unatoka shingoni unashuka hadi kwenye dole gumba.

Luhende, yule Msukuma anayeunga mifupa, alikuwa amekuja kwa mambo ya ng'ombe zake. Akanishika kuanzia bega mpaka kwenye kucha, taratibu, amefumba macho. Halafu akasema, "Mama, mfupa huu hauna kosa. Kilichoharibika mimi sikishiki kwa mkono. Nisikudanganye." Nilimheshimu kwa hilo.

Sasa mkono umegoma. Lakini haujagoma wote, na hapo ndipo ninapochoka akili. Vidole viko sawa. Ndivyo vinavyoandika hapa, mkono nimeulaza mezani. Nikishika kitu nakishika kweli. Ila kukunja kiwiko, hakuna. Bega nalo limelala. Nauambia mkono panda, unanitazama tu.

Wewe unayesomea mambo haya niambie. Inakuwaje mkono mmoja, nusu inanisikia na nusu hainisikii?

Ni mimi shangazi yako,
Immaculata


Dar es Salaam,
2 Aprili 2023

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mzima, maharage uliyonitumia kwa basi yamefika na wenzangu wa chumbani wameyamaliza. Nimelia, ndiyo. Lakini nimelia baada ya kufika mwisho wa barua, kwa hiyo umeshinda.

Swali lako ni zuri kuliko maswali wanayotuuliza darasani. Nitakujibu kama unavyonipangia tumbaku, jani kwa jani.

Ndani ya uti wa mgongo kuna seli zinazoamrisha misuli. Kichwa cha seli kinakaa humo humo ndani, lakini ina mkia mrefu mno. Mkia unatoka shingoni, unapita chini ya kwapa, unashuka mkononi hadi kwenye msuli wake. Mikia mingi ikikusanyika pamoja ndiyo inaitwa neva. Na seli hizo hazishiki misuli ovyo ovyo. Kila msuli una safu yake ya seli, na kila seli ina nyuzi zake ndani ya msuli huo, hizo tu, haiingilii za mwenzake.

Seli zinazokunja kiwiko na kuinua bega zimekaa juu zaidi shingoni. Zinazokaza vidole ziko chini yake. Ulipoanguka, kichwa kikaenda huku na bega likaenda kule, mizizi ya juu, pale neva zinapotokea kwenye uti, ikavutwa ikakatika. Ya chini ikapona. Ndiyo maana vidole vinakusikia. Msuli wa kiwiko haujakataa amri, shangazi. Amri haifiki.

Tafadhali usikae nyumbani kungoja. Nimeulizia: kule Mwanza, hospitali ya rufaa, yupo daktari anaitwa Lyamba anayeshughulikia neva. Panda basi uende na Hana. Nenda mwezi huu.

Wako mtoto,
Jeannine


Katumba,
7 Mei 2023

Mwanangu Jeannine,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Miguu mizima, macho mazima, hamu ya kula ninayo. Nasema hivyo usije ukafikiri nimezeeka ghafla.

Mwanza nimefika. Nimemwona huyo Daktari Lyamba, kijana mwembamba, anaongea polepole, ana heshima. Wamenichoma sindano za umeme mkononi, sikulia. Akanikalisha akaniambia mizizi ya juu imenyofoka, haiwezi kushonwa irudi. Nikamuuliza, basi dawa ni nini? Akasema watachukua sehemu ya neva inayokwenda kiganjani, ile iliyo hai, waipeleke kwenye msuli wa kukunja kiwiko.

Nikamuuliza mara mbili. "Mnataka kukata kwenye mkono unaofanya kazi?"

"Sehemu ndogo tu, mama."

Nikasimama. Nikamwambia asante, nimefurahi kukufahamu, nikarudi Katumba.

Jeannine, mkono huu wa kulia umelima jembe la mkono tangu pori hili lilipokuwa bado pori. Umekuogesha wewe. Hivi sasa umebaki na kiganja tu, na kiganja hicho ndicho ninachoshikia panga, ndicho ninachofungia mitumba ya tumbaku. Wakikata hapo wakakosea, nitabaki na nini? Mti? Bora nusu niliyonayo kuliko kubahatisha nzima.

Usinipigie simu kunibembeleza. Nimeamua.

Shangazi yako,
Immaculata


Dar es Salaam,
21 Mei 2023

Shikamoo shangazi,

Natumai barua hii inakukuta salama. Mimi ni mzima ila sina raha.

Umeniambia nisipige simu, basi nisome. Neva inayokwenda kiganjani ni kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Ukiitazama kwa nje ni kamba moja. Ukiifungua, kila uzi una msuli wake, na ndani ya msuli una sehemu yake. Daktari hachukui kamba. Anaifungua chini ya kioo cha kukuza, anagusa uzi mmoja mmoja kwa umeme mdogo sana na kuangalia kinachoruka ni nini. Akigusa vidole vikaruka, uzi huo anauacha. Anatafuta ule unaokunja kifundo cha mkono, anachukua huo peke yake, kwa sababu kifundo kina msuli mwingine wa kukisaidia. Panga utashika. Mitumba utafunga.

Mimi mwenyewe kazi yangu ndiyo hiyo, ila kwa panya. Kuna msuli mmoja mpana ulioko mbavuni. Naweka tone la rangi nyekundu pembe ya juu ya msuli, na tone la kijani pembe ya chini. Rangi inapanda kwenye mikia ya seli mpaka kwenye uti wa mgongo. Halafu natazama ni seli zipi zimepakwa nyekundu, zipi kijani, nijue kama zimejipanga humo kama zilivyojipanga kwenye msuli. Mpaka leo sijafanikiwa, rangi inavuja, kila kitu kinakuwa kama matope. Msimamizi wangu anasema nianze upya. Nimeanza upya.

Lakini mimi panya wangu wanaweza kungoja. Mkono wako hauwezi. Msuli usiofikiwa na neva unanyauka kila siku inayopita. Ukipita mwaka, hata tukiuletea neva ya malaika hauamki tena.

Shangazi, ni wewe uliyenishika pua nikiwa mdogo ukanimwagia kwinini mdomoni. Ulisema dawa haikataliwi kwa sababu ni chungu. Leo unakataa, na sioni sababu nyingine zaidi ya kiburi. Kiburi hakitakupandishia kijiko mdomoni.

Nimesema. Kama nimekosa adabu, unichape nikija.

Jeannine


Dar es Salaam,
9 Julai 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijapata neno lolote kutoka kwako. Simu yako haipatikani. Nimempigia Hana, anasema eti hujambo, halafu anabadilisha maneno, ananiuliza kuhusu hali ya hewa ya Dar. Hana hajawahi kuniuliza hali ya hewa.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunitukana.

Mtoto wako


Mwanza,
13 Agosti 2023

Mwanangu Jeannine,

Amahoro. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo uuvumilie kama mimi nilivyouvumilia wa kwako ulipokuwa darasa la kwanza. Wa kulia umefungwa kifuani kwa kitambaa. Nimefanyiwa upasuaji.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Barua yako ile ya kiburi niliisoma nikaiweka. Nilikasirika sana. Sikukujibu kwa sababu jibu nililokuwa nalo lisingefaa kuandikwa. Halafu ikaja harusi ya binamu yako Joséline, na mimi kama shangazi wa bibi harusi nikawekwa mbele kabisa, meza ya wakwe, watu wametoka Mishamo wamevaa wamependeza. Nilikuwa na kitenge kipya. Nikaulaza mkono wangu mezani vizuri, hakuna aliyejua.

Chakula kikaletwa. Kwa kushoto sikuweza kula mbele ya wakwe, unajua mwenyewe. Nikasema nimeshiba. Mama mkwe wake Joséline akanitazama, akaona. Akachukua kijiko changu akakijaza wali.

"Fungua kinywa, mama. Usione haya, sisi ni ndugu sasa."

Nikafungua. Watu wakapiga vigelegele, wakidhani ni furaha ya undugu. Na yule mama hana kosa hata kidogo, alifanya kwa upendo. Alinilisha sahani nzima. Mimi Immaculata, niliyemlisha kila mtoto wa ukoo huu. Nilitafuna huku nikitazama mbele.

Uliniambia nina kiburi. Ndiyo, ninacho, na ndicho kilichonipandisha basi la Mwanza. Mtu asiye na kiburi angezoea kulishwa.

Simu niliizima kwa makusudi, na Hana nilimwapisha. Ungejua, ungekuja, na ungekuja, ungewaacha panya wako wakati rangi bado inavuja. Sikukulea uje kukaa pembeni ya kitanda changu.

Daktari Lyamba aliponiona mlangoni hakusema "nilikuambia". Alisema tu, "Karibu tena, mama." Kabla hawajanilaza usingizi nikamwambia, "Uzi mmoja. Wa kifundo. Nikiamka nitavihesabu vidole vyangu." Akacheka, wauguzi wakacheka. Nilipoamka nilivikunja kimoja kimoja. Vyote vipo, vyote vinanisikia.

Sasa niambie, huo uzi waliouhamisha, utajuaje kuwa umehama?

Shangazi yako,
Immaculata


Dar es Salaam,
20 Agosti 2023

Shikamoo shangazi, shikamoo tena na tena,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama barabarani, nimepiga kelele mpaka mama muuza vitumbua akaniuliza kama nimefaulu. Nikamwambia amefaulu shangazi yangu.

Kuhusu Hana na hali ya hewa, nimemsamehe. Wewe bado nakufikiria.

Swali lako: utajuaje umehama? Haujui. Hapo ndipo penye ajabu. Seli iko pale pale ilipokuwa, chini shingoni, katika safu ya kifundo. Yenyewe inadhani bado inakunja kifundo. Ni mkia wake tu uliopewa njia mpya. Kwa hiyo ukitaka kiwiko kipande, usikiambie kiwiko. Seli iliyokuwa inakiamrisha haina njia tena. Kunja ngumi, shangazi. Kunja ngumi na uvute kifundo ndani, kwa nguvu, na siku moja kiwiko kitaitikia.

Lakini si leo. Uzi ule uliokatwa inabidi uote upya, utambae kutoka pale waliposhonea mpaka uzifikie nyuzi za msuli. Unatambaa kwa wiki moja urefu wa punje moja ya mchele. Usicheke, ndivyo ulivyo. Na ukishafika kwenye msuli, unatawanyika, kila mkia unajitafutia nyuzi za kushika. Kwa muda mrefu hutaona kitu. Utakunja ngumi na mkono utalala vile vile. Usiache. Kila asubuhi kunja, kila jioni kunja.

Ngoja na mimi nikaendelee na rangi zangu.

Mtoto wako,
Jeannine


Katumba,
17 Desemba 2023

Mwanangu Jeannine,

Salamu kutoka Katumba, tumeshapanda, mvua imeanza vizuri kuliko mwaka jana. Mwili mzima, namshukuru Mungu.

Nilikunja ngumi Septemba, Oktoba na Novemba yote. Asubuhi kabla sijatoka kwenda shambani, jioni kabla sijala. Nilikunja kanisani wakati wa mahubiri mpaka padri akadhani namchukia. Mkono kimya. Kuna siku nilikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba nikauambia, "Basi, tumejaribu, wewe na mimi." Nikauacha siku ile. Kesho yake nikakunja tena, si kwa imani, kwa mazoea tu.

Jumanne hii nilikuwa na Hana tunachambua maharage. Nikakunja. Nikahisi kitu mkono wa juu, kidogo, kama mtoto anapocheza tumboni mara ya kwanza. Nikakunja tena.

"Hana, weka kidole hapa."

Akaweka. Nikakunja.

"Kimeruka," akasema.

"Usinidanganye, Hana."

"Immaculata, nimekwambia kimeruka. Kunja tena."

Nikakunja, kikaruka, na safari hii tulikiona wote kwa macho, chini ya ngozi, kama chura chini ya kitambaa. Mkono wenyewe haukupanda hata kidogo. Lakini tuliruka tukamwaga maharage yote, na tukayaacha pale chini mpaka kuku wakashiba.

Uzi umefika, mwanangu. Ulitambaa kimya kimya huku mimi nikiutukana.

Shangazi yako,
Immaculata


Dar es Salaam,
25 Februari 2024

Shikamoo shangazi,

Habari za nyumbani, za Hana, za tumbaku? Mimi ni mzima sana. Leo zamu yangu kutamba.

Rangi imeacha kuvuja. Nilibadilisha dawa, nikapunguza tone likawa dogo mno, kisha nikasubiri kwa muda mrefu zaidi kabla ya kutazama. Nilipoweka kipande cha uti chini ya darubini, shangazi, nilikaa chini kwanza. Seli nyekundu zilikuwa juu. Za kijani zilikuwa chini. Katikati zimechanganyika kidogo, kama majirani mpakani, lakini mpangilio unaonekana wazi: pembe ya juu ya msuli inaamrishwa na seli za juu katika safu, pembe ya chini na seli za chini. Msuli mmoja, lakini ndani yake kuna mitaa, na kila mtaa una watu wake kule kwenye uti. Wengine waliwahi kuona hivi zamani kwenye misuli mingine. Mimi nimeuona kwa macho yangu.

Nimetetea kazi yangu Alhamisi iliyopita. Mzee mmoja kwenye jopo, profesa mkali, akaniuliza, "Haya yote ya panya yanamsaidia nani?" Nilikuwa nimejiandaa kujibu kwa maneno ya vitabu. Nikajikuta nasema, "Kuna mama Katumba, mkoa wa Katavi, anayekunja kiwiko kwa ngumi." Nikawaeleza. Profesa akavua miwani akasema, "Mwambie aendelee kukunja."

Basi nimekwambia. Nimefaulu. Shahada ya pili, shangazi.

Mtoto wako,
Jeannine


Katumba,
19 Mei 2024

Mwanangu, Jeannine wangu,

Amahoro, amahoro. Barua yako nimeisoma, nikampa Hana akaisoma, nikaipeleka kwenye jumuiya ya kanisani ikasomwa kwa sauti, na sasa kila mtu hapa anajua kwamba msuli una mitaa. Kuna wanaouliza kama mitaa hiyo ina wenyeviti.

Mkono umepanda. Kwanza ulikuwa unapanda ukisaidiwa, halafu mezani, halafu mwezi uliopita ukapanda wenyewe mpaka kidevuni. Nilikunywa uji kikombe kizima nimesimama mlangoni ili wapita njia wanione. Bega halijarudi kama zamani, mkono siwezi kuupandisha juu ya kichwa, na Daktari Lyamba ameniambia wazi huenda ndiyo basi. Kwenye bani siwapangii tena fito za juu. Nakaa chini nawapigia kelele, wanasema afadhali nilipokuwa juu.

Ila hiyo ngumi yako imenitia matatani. Juzi kwenye mkutano wa chama cha msingi cha wakulima, mwenyekiti anasoma taarifa ya masoko, inzi akanitua puani. Nikataka kumfukuza. Bila ngumi mkono haupandi, wewe mwenyewe unajua. Basi nikakunja ngumi, nikaikaza vizuri, ikapanda, namtazama mwenyekiti usoni.

Akaacha kusoma. "Mama Immaculata, kama una hoja toa kwa mdomo."

"Sina hoja. Nina inzi."

Walicheka mpaka kikao kikaahirishwa. Nikasimama nikawaeleza habari yote, kuanzia shingoni. Mwenyekiti akaomba kuushika huo msuli. Nikamwambia apange foleni.

Shangazi yako anayejivunia,
Immaculata


Dar es Salaam,
8 Septemba 2024

Shikamoo shangazi,

Salamu kutoka kwangu, mzima kabisa. Nimeanza kufundisha, wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wengine wananizidi urefu. Nawaita "mwanangu" kwa bahati mbaya, wananicheka.

Nina swali moja tu la kitaalamu. Je, bado unakunja ngumi? Wanasema baada ya muda ubongo unajifunza njia mpya, na mtu anaacha bila kujua. Jichunguze uniambie.

Mtoto wako,
Jeannine


Katumba,
24 Novemba 2024

Mwanangu Jeannine,

Natumai wanafunzi wako wanakusikiliza, na ambaye hasikilizi niletee jina lake. Sisi wazima. Hana amepata mjukuu, wa kike, amemwita jina lako bila kuniuliza mimi wala wewe.

Nimejichunguza. Sikunji tena. Sijui niliacha lini. Nilikuwa nabishana na Hana habari za kuku, nikanyoosha mkono nikajikuna shavu, na nilipoutazama, vidole vilikuwa vimefunguka wazi kama vya mtu mwingine yeyote. Nikanyamaza katikati ya ubishi, Hana akadhani ameshinda.

Lakini si hilo lililonifanya niandike leo.

Wiki iliyopita mtaalamu wa mazoezi wa hospitali ya Mpanda, yule aliyekuwa ananinyoosha mkono, alinipigia simu. Kuna binti ameletwa, anaitwa Suzana, anakaa Shanwe, fundi cherehani. Pikipiki ilimdondosha, bega na shingo, kama mimi. Ameambiwa aende Mwanza amekataa. Amesema hawezi kukubali wakate kwenye mkono mzima. Nilicheka peke yangu nikiwa nimeshika simu. Nikavaa kitenge changu nikapanda gari la Mpanda.

Nilimkuta amelala amegeukia ukutani, mama yake yuko kwenye kiti pembeni. Sikumpa pole. Pole alikuwa nazo nyingi. Nikamwambia, "Suzana, geuka ushike mkono wangu, hapa juu, ukaze."

Akageuka kwa shida. Akaushika.

Nikakunja kiwiko. Macho yake yakatoka. Nikamwambia, "Huu ulikuwa umekufa kuliko wako. Sasa tazama kwanza nilivyoanza." Nikakunja ngumi, makusudi, kama zamani, nikaupandisha polepole mpaka mdomoni.

Halafu nikamweleza. Nilimwambia seli zimejipanga shingoni kwa safu, za kiwiko juu, za vidole chini, na za juu ndizo zilizokatiwa njia. Nikamwambia neva ni kamba ya nyuzi nyingi, na kila uzi una mwenyewe. Akaniuliza, "Na wakichukua uzi wa vidole? Mimi nashona."

"Wanagusa kwanza. Wanaona kinachoruka, ndipo wanachukua. Wangu walichukua wa kifundo. Nipe kitambaa na sindano."

Mama yake akatoa sindano kwenye mkoba wa binti yake. Niliitunga uzi mbele yao, nikapiga mishono kwenye pindo la shuka la hospitali. Haikuwa mizuri, sijawahi kujua kushona. Lakini ilikuwa mishono. Suzana aliipapasa mmoja mmoja. Kisha akauliza basi la Mwanza linaondoka siku gani.

Mama yake alikuwa ananiangalia tangu mwanzo kwa adabu sana, amekunja mikono mapajani. Akasema, "Samahani, mama, wewe ni daktari wa hospitali gani?"

Nikamwambia, "Hapana. Mimi ni shangazi yake Jeannine."

Hakuniuliza Jeannine ni nani. Alisimama, akanisogezea kiti chake, akasema, "Basi kaa, mama, utueleze tena tangu mwanzo."

Nikakaa.

Shangazi yako,
Immaculata